Mwanangu alimpigia baba yake simu tukiwa shelta

Shangazi, salamu nyingi.

Nina miaka 31, mama wa watoto wawili: mvulana wa miaka 10 na msichana wa miaka 4. Sisi ni watu wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Mume wangu ni dereva wa trela, huenda Mombasa na kurudi Kampala. Hii ni wiki ya nne tangu mimi na watoto tuingie shelta ya wanawake. Naandika kwa simu ya nesi, maana leo Alhamisi nimeletwa zahanati kuangaliwa mkono, na hii ndiyo nafasi pekee niliyo nayo.

Ya nyuma nayasema kwa ufupi. Tulioana kimila, wazee wakakaa, akatoa ng'ombe watano na mbuzi sita. Kupigwa kulianza nilipokuwa na mimba ya huyu msichana. Mara ya kwanza alilia akaniomba msamaha. Mara ya pili niliyelia ni mimi peke yangu. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alituita mara mbili, mume wangu akaandika karatasi kwamba hatarudia, tukapeana mikono mbele ya watu, tukaenda nyumbani. Usiku ule wa mwisho alitoka safari akasema ameambiwa njiani kwamba kuna mwanaume huja kwangu akiwa Kenya. Alinivunja mkono kwa mguu wa stuli, kisha akanikaba koo mpaka nikaona giza. Nilipozinduka nilikuwa nimejikojolea. Mtoto wangu wa kiume ndiye aliyeruka dirisha akamwita jirani, na jirani akatupeleka polisi kwa boda usiku huohuo. Dawati la familia na watoto wakanipa fomu, nikaenda hospitali, kisha wakatuleta hapa.

Shangazi, hapa tunatunzwa. Siku tatu za mwanzo nililala tu, kama mtu aliyedaiwa usingizi miaka. Asubuhi ni chai na mandazi, mchana posho, yaani ugali, na maharage. Tunalala akina mama wanne na watoto wetu chumba kimoja, mmoja akilia wote wanaamka. Sheria hapa ni mbili kubwa: simu zote zinakaa kwa matroni, na hakuna kumwambia mtu yeyote tulipo, hata mama mzazi.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita aliingia mama mmoja mwenye kitoto kichanga, akaficha kasimu kadogo ndani ya nepi. Mwanangu alimwomba acheze gemu. Namba ya baba yake anaijua kwa kichwa. Tulimfundisha wenyewe akiwa na miaka mitano, ili akipotea aweze kusema. Akampigia. Jumatatu usiku ndipo aliponiambia, amejifunika blanketi, anatetemeka. Baba yake alimuuliza kwa upole mahali tunapokaa pakoje. Akamwambia kuna tanki kubwa la maji la bluu, kanisa lenye kengele, na mashine ya kusaga mahindi inayopiga kelele asubuhi. Jina la mji hakulisema, lakini mume wangu ni dereva. Barabara za upande huu anazijua kama kiganja chake.

Jumatano mfanyakazi wa ustawi alinipigia mama yangu mbele yangu, kama wanavyofanya kila wiki. Mama akasema, "Mwenzako ameshajua mlipo. Ametulia, anataka tumalize kwa amani. Jumamosi njoo nyumbani, wazee wa pande zote watakuwepo." Mfanyakazi huyo alikuwa ametoka kidogo kupokea mgeni, hakusikia. Tena mama akaongeza kwamba wakwe wanasema nikikataa kurudi, ng'ombe warudishwe. Hao ng'ombe hawapo. Kaka yangu aliwatumia kuolea mke wake. Kaka haongei nami tena, anasema nitamvunjia nyumba.

Naogopa kumwambia matroni kuhusu simu. Sheria zao nilitia sahihi. Wakitufukuza nitakwenda wapi na mkono huu? Na yule mama mwenye mtoto mchanga naye atafukuzwa kwa sababu yangu. Mwanangu kila usiku ananiuliza, "Mama, mimi baba alinipiga lini? Kwa nini na mimi nifichwe?" Anataka shule yake, yuko darasa la tano.

Je, nikae kimya niombe Mungu? Na Jumamosi niende kikao, angalau kuwaokoa mama na kaka na aibu hii?

Mama Wawili


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako haikungoja zamu. Nilikujibu saa ileile kwa njia uliyoniachia, na ninaichapisha sasa kwa ruhusa yako, baada ya kubadilisha yote ambayo yangeweza kumwonyesha mtu wewe ni nani na uko wapi. Wasomaji wengine wapate haya niliyokuambia, na mengine niliyoongeza baadaye.

Usiku usiingie kabla hujamwambia matroni. Ukitoka hapo zahanati, kabla ya kula, kabla ya kumwogesha mtoto, mwite pembeni mwambie: "Mume wangu anajua alama za mahali hapa." Mtajie tanki, kengele, mashine. Mwambie na maneno ya mama yako. Usipambe, usifiche yule mwenye simu.

Najua unaogopa kufukuzwa. Sheria ile ya simu iliwekwa kwa ajili ya siku kama hii. Nyumba ya namna hiyo haina ukuta wa jeshi. Ina lango, mlinzi mmoja, na siri. Siri ikitoboka, wafanyakazi wanatakiwa kujua haraka ili wabadili mambo: waongee na polisi wa karibu, wawaweke watoto ndani, na ikibidi wawahamishe wewe na wanao mahali pengine. Hayo hawawezi kuyafanya kwa jambo wasilolijua. Na chumbani kwenu mko akina mama wanne. Kila mmoja ana mtu anayemtafuta, na mumeo akifika langoni na hasira zake hatachagua mlango. Ukinyamaza unakuwa umewaamulia na wao.

Yule mwenye kitoto kichanga, msemee vizuri. Mwambie matroni ni mtu mpya, ana hofu, pengine ile simu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yake na ndugu zake. Nimeongea na wanawake kadhaa waliopita katika nyumba hizi, na wengi waliwahi kujaribu kuficha simu wiki ya kwanza. Wanaohudumia huko wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Lakini hata kama watamkemea, bora akemewe.

Sasa nikurudishe kwenye jambo uliloliandika kwa mstari mmoja ukapita. Umesema alikukaba koo ukaona giza, ukazinduka umejikojolea. Mwanangu, mkono utapona. Hilo la koo ndilo lililonifanya nisilale. Wanaoshughulikia kesi hizi, madaktari na wanasheria, wanajua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwanaume wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mwanaume huyohuyo. Mtu anayekukaba mpaka unazimia anakuwa amebakiza dakika chache tu. Kwa hiyo ukisikia "ametulia", kumbuka kwamba hata ile siku ya LC alitulia, akaandika karatasi.

Mwambie nesi, maadamu uko naye hapo: nilikabwa koo, nikazimia. Kama sauti imekauka, kama kumeza kunauma, kama kichwa kinagonga au unaona ukungu, aandike na akupeleke kwa daktari, maana madhara ya kukabwa huweza kujitokeza baadaye hata kama shingo haina alama. Kisha uliza kama lilijazwa katika fomu ya polisi namba 3. Mara nyingi daktari huandika mfupa uliovunjika kwa kuwa ndio unaoonekana, na koo linaachwa. Mbele ya hakimu koo lina uzito wake.

Sasa hiki kikao cha Jumamosi. Usiende.

Sisemi wazee ni wabaya. Mimi mwenyewe nimekaa vikao vingi, nimekula nyama ya vikao hivyo. Tena nikiri jambo. Miaka mingi iliyopita binti wa kaka yangu alinikimbilia, mimi ndiye shangazi yake, ssenga kama wasemavyo Waganda, niliyemfunda kabla ya kuolewa. Nikamwambia ndoa ni kuvumilia, nikamfunga mzigo wake, nikamsindikiza mpaka stendi. Alirudi kwetu baada ya miezi miwili akiwa na jicho moja. Yuko hai, anafanya biashara ya nguo, na huniamkia kwa heshima. Lakini kila ninapomtazama najua ni nani aliyemsindikiza. Ndiyo maana safu hii naiandika.

Kikao cha Jumamosi kina shida hii: siku ameichagua yeye, mahali anapajua yeye, na wewe utafika kwa boda ukiwa na watoto wawili na mkono mmoja. Hata kikao kikienda vizuri, kikiisha utatoka uende wapi? Akikufuata nyuma kwa pikipiki, ataijua shelta bila hata kutafuta tanki. Mwanamke huwa hatarini zaidi siku anapoondoka na majuma yanayofuata, kwa sababu hapo mwanaume anaona amri imemtoka mikononi. Wewe bado uko ndani ya majuma hayo.

Na kisheria suala lako limeshapita baraza la wazee. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010. Sheria hiyo inaruhusu mahakama ya LC kusikiliza mashauri haya, lakini mtu akirudia kosa, au akionekana ataendelea kuumiza, LC inatakiwa ipeleke jambo polisi na kwa hakimu. Kwako wamepatanisha mara mbili. Mwambie mfanyakazi wa ustawi atafute zile karatasi mbili alizotia sahihi. Alidhani zinamaliza kesi, kumbe zinaonyesha kwamba anarudia.

Kwa hakimu unaweza kuomba amri ya ulinzi, na wakati shauri linangoja, amri ya muda. Amri hiyo inaweza kumkataza asikukaribie, asikupigie. Akiivunja, hilo ni kosa jingine. Sheria haijali kama mlifunga kanisani, msikitini, kimila au mliishi tu pamoja. Inamlinda hata msichana wa kazi. Mtu akipatikana na hatia anaweza kufungwa mpaka miaka miwili, au kupigwa faini, au vyote, na hapo hatujagusa mashitaka ya kukuvunja mkono, ambayo yana njia yake katika sheria za jinai. Shelta nyingi zina wakili au zinajua pa kumpata. Chama cha wanawake wanasheria, FIDA Uganda, kimekuwa kikiwatetea wanawake tangu 1974, na msaada wao si wa kuuza. Omba kuonana na mwanasheria wiki hii, usingoje uulizwe.

Ng'ombe. Hapa nataka kaka yako asomewe, kama kuna atakayemsomea. Shirika la MIFUMI, lililoanzia hapo Tororo, lilipeleka suala la mahari mahakamani, na mwezi Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa, watu wanaendelea kutoa na kupokea. Kilichokatazwa ni hicho wakwe zako wanachokitishia. Kwa hiyo kaka alale, mke wake alale. Atakayekuja kumdai ng'ombe ajibiwe aende mahakamani, aone atakavyopokelewa.

Najua uamuzi wa majaji Kampala hauzimi maneno ya kijijini. Watasema. Mama yako atapita sokoni na wenzake watanyamaza akikaribia. Hilo linauma, na si dogo, siwezi kukudanganya kwamba ni dogo. Lakini pima: kaka anaogopa kurudisha ng'ombe, wewe ulikuwa unarudishwa badala ya ng'ombe. Siku akipoa mwulize hilo, taratibu, bila hasira.

Kwa mama yako, mwombe mfanyakazi wa ustawi muongee naye pamoja, awamu hii asitoke. Mwambie maneno machache: "Mama, alinikaba koo nikazimia. Jumamosi siji. Akikuuliza nilipo, mwambie hujui, na kweli hujui." Nina hakika hakuna aliyemwambia la koo. Wazazi wetu wanasikia "walipigana" wakadhani ni makofi. Usimlaumu kwa kupeleka ujumbe. Huenda naye ametishwa, na hilo pia lisemwe kwa polisi.

Watoto. Kuna watu watakuambia watoto ni wa ukoo, atawachukua. Katiba ya 1995, kifungu cha 31, inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika. Na mahakama ya familia na watoto inapoamua mtoto akae na nani, inatazama kwanza ustawi wa mtoto. Unaweza kuomba kukaa nao, na baba akaamriwa kutoa matunzo. Mpitie ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya, shelta wanamjua. Huyohuyo ndiye wa kushughulikia shule. Usipige simu mwenyewe shule ya zamani kuomba barua ya uhamisho, maana mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, anaweza kumwambia baba mtoto anakoenda. Acha ofisi iombe, na jina la shule mpya lisitajwe. Wakati huo unangoja, omba madaftari. Mtoto wa darasa la tano anayekaa bila hesabu wiki nne anaanza kujiona mjinga, na huyu tayari ana mzigo wa kutosha.

Na simu, kwa wanaosoma: hapa Uganda namba 116, laini ya msaada iitwayo Sauti, ni ya bure, na wanasikiliza habari za watoto wanaoumizwa na za ukatili nyumbani pia. Polisi ni 999 au 112. Fundisheni watoto namba hizi kama tunavyowafundisha za baba zao.

Nimemwacha kijana wako mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi. Usimchape, wala usimwambie "umetuua". Huyu ndiye aliyeruka dirisha akakuokoa, na huyohuyo wiki chache baadaye akamkumbuka baba yake. Mtoto anaweza kumpenda mtu na kumwogopa pamoja. Sisi wakubwa tunamtaka achague, naye hawezi. Alipoulizwa kwa upole akajibu kwa upole, kama tulivyomlea. Aliyekosea ni mtu mzima aliyemtumia mtoto kutafuta njia.

Kaa naye leo, mkimaliza kwa matroni. Mwambie: "Ulifanya vizuri kuniambia. Nimeshawaambia wakubwa, sasa ni kazi yao, si yako." Asiposikia hayo, usiku huu atajifanya mlinzi, hatalala, atakuwa anasikiliza lango. Halafu lile swali lake, "mimi baba alinipiga lini," mjibu, usilikwepe. Mwambie baba hakumpiga yeye. Mwambie: "Lakini uliona, ukaruka dirisha, ukakimbia gizani bila viatu. Mtoto hafai kukimbia hivyo. Ndiyo maana tuko hapa na wewe pia." Akitaka kulia alie. Akiuliza kama atamwona baba yake tena, sema hujui, na kwamba hakimu na wakubwa wataangalia kama inaweza kufanyika bila mtu kuumizwa. Usimwahidi ndiyo, usimwahidi hapana.

Na ile namba ya baba yake anayoijua kwa kichwa, usimwambie aisahau. Mpe na ya pili, ya mfanyakazi wa ustawi. Airudie mpaka aishike.

Shangazi